Mkono Uliokataa Kuanguka

Mwaka 2018 nilikuwa Beijing, mkalimani wa Kichina na Kiswahili, na kazi zilituangukia kama mvua za masika. Mkutano wa wakuu wa China na Afrika ulikuwa Septemba, kwa hiyo tangu Mei kila mtu alikuwa na ujumbe wake, semina yake, na hotuba yake ya kurasa 20 inayoletwa usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Ukalimani wa papo kwa papo hufanywa na watu wawili ndani ya kibanda cha vioo, wakipokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana kichwa hakiwezi zaidi ya hapo. Kinachoua ni tarakimu. Sisi tunahesabu kwa maelfu, wao kwa makumi elfu: wan moja ni 10,000. Afadhali sisi tuna laki, kwani wan kumi ni laki moja bila hata kufikiri. Mwingereza hana pa kushika. Lakini ukishachoka, hata laki haikuokoi. Jumanne moja ya Juni mzungumzaji alitaja wan 3,500, nami nikatamka milioni 350. Ni milioni 35. Mwenzangu akanisogezea karatasi, nikasahihisha baada ya sentensi mbili, ila tayari nilikwisha kuwaona wageni kule ukumbini wakitazamana. Hakuna aliyenilaumu. Usiku ule sikupata usingizi.

Taichi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nilikuwa nimeianza miezi michache kabla. Ni mwenzangu huyohuyo wa kibandani aliyenituma, amechoka kunisikia nikilalamikia shingo. Nilikwenda Tiantan, bustani ya Hekalu la Mbinguni lililojengwa mwaka 1420. Geti likifunguliwa saa 12 asubuhi, wazee wanaingia kama wenye shamba lao: huyu anapiga teke kishada cha manyoya kisiguse chini, wale wanatandika karata, mwingine anaandika herufi kwenye sakafu ya mawe kwa brashi ndefu iliyochovywa maji, akifika mwisho wa mstari mwanzo umeshakauka. Mimi niliangukia kwa akina mama chini ya miberoshi ya kale. Kiongozi wao alikuwa muuguzi mstaafu. Nilimwita ayi, ambaye kwetu ni mama mdogo kabisa, yaani dada yake mama. Yeye aliniita kijana, ingawa mvi nilikuwa nazo.

Walifanya ule mfululizo wa hatua 24, uliofupishwa mwaka 1956 kutoka mtindo mmoja wa taichi uitwao Yang ili watu wa kawaida waumudu. Dakika tano au sita, basi umemaliza. Majina yake ni raha tupu kwa mtu wa lugha: korongo mweupe anakunjua mabawa, mikono ya mawingu, sindano kwenye sakafu ya bahari. Nilizikariri zote ndani ya wiki mbili, maana kushika maneno na mambo haraka ndiyo kazi yangu. Nikajiona fundi.

Asubuhi iliyofuata ile aibu nilifika macho mekundu, nikajipanga nyuma, nikaanza. Nilimaliza hatua zote 24 wakati wenzangu wako kwenye mikono ya mawingu. Ayi akazima redio yake.

"Song," akaniambia.

"Nimelegea, ayi."

Hakunijibu. Akaweka kiganja kimoja chini ya kiwiko changu na kingine chini ya kifundo, kama anayetafuta mshipa, akauinua mkono hadi usawa wa bega. "Nipe uzito wote. Mimi nimeushika." Nikampa, au ndivyo nilivyodhani. Ghafla akaondoa mikono yake. Mkono wangu ukabaki palepale hewani, umenyooka, kama wa trafiki anayesimamisha daladala.

Akina mama waliangua kicheko.

"Sasa nani kaushika?" akauliza.

Kwa maandishi ya siku hizi, herufi ya hilo neno song ndiyo hiyohiyo ya mti wa msonobari. Mimi nimekulia Mufindi, karibu na mipaini ya Sao Hill, na ule ubishi wa kikalimani ukanipanda: nikamwambia kwetu mti huo umesimama wima kama mlingoti, haujalegea popote. Akanitazama. "Hujauona wakati wa theluji," akasema, akauinua tena mkono.

Mara ya pili ukabaki hewani. Ya tatu vilevile. Mara ya nne nikaushusha mwenyewe kwa makusudi, akanizaba kofi dogo la begani. Sijui ilikuwa ya ngapi ulipoanguka kweli: ulinipiga pajani, paa! Sikujua mkono ni mzito hivyo.

Saa tatu nilikuwa kibandani tena. Tarakimu bado zilinitisha, nikamwomba mwenzangu aniandikie kila inayotajwa.

Jioni nikafungua daftari langu la istilahi, nikaandika song upande wa Kichina. Upande wa Kiswahili nikaweka legeza. Lakini kinacholegezwa ni nati, na mlegevu kwetu ni tusi. Nikaandika tulia, ambalo huambiwa mtoto mtundu. Nikaandika jiachie, la vijana wa Dar, lililo karibu kuliko yote ila linanuka muziki na bia. Nikayakata yote matatu.