Nyimbo Zenye Mwenyewe

Nimezoea kuupima wimbo kwa swali moja: mwimbaji akiulizwa jambo analoliimba limemtokea nani na wapi, je, ana jibu? Midundo mizuri haikosekani siku hizi na sauti tamu si haba, lakini mtu anayeimba jambo analolijua kwa undani hupatikana kwa nadra.

Sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. X Plastaz, kundi lililoanzia mjini hapa katika miaka ya 1990, lilichana kwa Kiswahili huku Merege, kijana wa Kimaasai, akiimba kwa namna ya kwao, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka. Wapo wanaosema kwamba Umaasai ule ulikuwa pambo la kuwafurahisha wageni. Mimi sikubaliani nao. Uimbaji wa Kimaasai kwa kawaida hautumii ala: olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hutangulia na maneno, wenzake humwitikia kwa mngurumo wa kooni unaokwenda na pumzi, na mdundo wote hutoka katika vifua na miguu ya waimbaji wenyewe. Jambo hilo linaishi hapa, kilomita chache tu kutoka kituo cha mabasi, na kijana wa mjini anayelichanganya na mistari yake haazimi kitu cha mtu.

Kwa upande wa maneno, bado sijampata wa kumfikia Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza bendi ya Matimila hadi jina lake likawa jina la kituo cha daladala kule Sinza. Aliimba kuhusu kifo na umaskini bila kumwahidi msikilizaji kwamba kesho mambo yatanyooka, na alipoimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu na UKIMWI, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliupata hivyo hivyo, kwenye kumbi na kwenye kanda.

Kazi yangu ni kushona, na mtu anayekanyaga cherehani kutwa nzima kwenye baraza la duka hapa Ngarenaro anahitaji wimbo wenye kisa cha kufuatilia, kwa sababu mikono ikishazoea pindo, akili hubaki bila kazi na huanza kuhesabu madeni. Wimbo wa kujisifia magari haunisaidii hapo. Unaonisaidia ni ule wa mtu aliyedaiwa kodi akaamka asubuhi akaenda kazini, maana huyo namwelewa, na baada ya kumsikia nashona kwa moyo mwepesi zaidi.

Kijana anayetujazia nyimbo kwenye flashi hapa mtaani zamani alinipa zilizokuwa zinavuma tu. Sasa simtajii msanii, namtajia habari: “Mdogo wangu, nataka wimbo wa mtu aliyefukuzwa kazi.” Mara ya kwanza alicheka, akaniambia, “Dada, hizo haziuziki.” Kisha akaacha kompyuta yake, akachomoa simu mfukoni na kuanza kunirushia moja baada ya nyingine kutoka kwenye zile anazosikiliza mwenyewe.