Kaskazi moja, viumbe wawili

Mwezi wa Februari, hapa Muskat, niliyaona maji ya ufukweni yamegeuka kijani kizito, na usiku kila wimbi lililovunjika likawaka rangi ya buluu. Nilipompigia baba simu Pemba, akanikumbusha kwamba kwake yeye kaskazi hutambulikana kwa kereng'ende wanaotanda juu ya uwanja. Tangu hapo nimekuwa nikiwalinganisha viumbe hao wawili, maana mwanzoni nilidhani wote hubebwa na upepo huo mmoja.

Wa baharini, anayeyageuza maji kijani na kuyawasha usiku, huitwa Noctiluca scintillans, dinoflagelati, yaani kiumbe mdogo wa majini mwenye seli moja tu, ingawa seli hiyo huweza kufikia milimita 2 na kuonekana kwa macho kama chembe ya sago. Hajui kuogelea, huelea kwa sababu majimaji yaliyomo ndani yake yana amonia nyingi na ni mepesi kuliko maji ya bahari. Huyu wa Bahari ya Uarabuni amehifadhi mwani mdogo wa kijani unaomlisha kwa nguvu ya jua, na juu ya hayo bado humeza viumbe wengine, jambo ambalo kwangu ni ulafi wa aina yake.

Kereng'ende wa baba, kama ni Pantala flavescens, ana mabawa yenye upana wa sentimita 7 hadi 8. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alitoa hoja kwamba makundi yanayofika Maldivi kuanzia Oktoba hutoka India yakielekea Afrika Mashariki. Visiwa hivyo karibu havina maji yasiyo na chumvi juu ya ardhi, na mdudu huyu hutaga katika vidimbwi vya mvua, kwa hiyo ni vigumu kuamini kuwa umati ule umezaliwa pale. Safari ya kwenda na kurudi alikadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, ikikamilishwa na vizazi kama vinne.

Si sahihi, basi, kusema kwamba wote wawili hubebwa na kaskazi. Kereng'ende huipanda, Noctiluca hupikiwa nayo, kwani upepo huo mkavu huyapoza maji ya juu hadi yakawa mazito na kuzama, nayo ya chini yakapanda na rutuba yake.

Baba alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na hao wako, mwanangu, huenda wapi?"

Hawaendi, nikamjibu. Hugawanyika wawili wawili palepale, mpaka waliwe na konyeza.