Nilivyojizoeza kuzisoma modi za ndege kwa sauti

Nilipohamia ndege kubwa kutoka zile ndogo za propela, kazi ya mikono haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni ule mstari mwembamba wa maandishi juu kabisa ya skrini, unaoonyesha otopailoti (mtambo unaoirusha ndege yenyewe) na nguvu za injini viko katika modi gani, yaani vinafuata amri ipi kwa wakati huo. Herufi ni chache, hubadilika bila kelele, na aghalabu hubadilika wakati nyote wawili mnaangalia kwingine. Ukibonyeza kitufe umeomba tu. Jibu la ndege limo kwenye mstari ule. Nililijua hilo tangu darasani. Kulifanya mazoea, tena mbele ya kapteni aliyeanza kurusha ndege kabla sijajua kusoma, ndiyo ilikuwa shughuli.

Mkufunzi wetu alitupa ajali mbili tuzichambue. Ya kwanza ni A320 ya Air Inter iliyogonga mlima karibu na Strasbourg, Ufaransa, Januari 20, 1992. Kitasa kimoja kiliweka ama pembe ya kushuka ama futi za kushuka kwa dakika, kutegemea modi. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba marubani walikusudia pembe ya nyuzi 3.3, ila modi ilikuwa ile nyingine, ndege ikashuka futi 3,300 kwa dakika badala ya kama 800. Kwenye kidirisha, tofauti ilikuwa nukta tu: -3.3 na -33 (yaani mamia 33 ya futi). Walikufa watu 87 kati ya 96. Baadaye kidirisha kilibadilishwa kionyeshe tarakimu zote nne.

Ya pili ni Kenya Airways 507, Boeing 737-800 iliyoanguka usiku, muda mfupi baada ya kupaa Douala, Mei 5, 2007. Wote 114 walifariki. Kapteni alitamka neno la kuonyesha kwamba otopailoti imeshika. Haikuwa imeshika, na mwenzake hakuthibitisha. Ndege ikawa inainamia kulia polepole gizani. Hii ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ndege ilikuwa nzima. Neno lilitoka, likakosa wa kulipokea.

Basi nikaanza. Modi ikibadilika naisoma ilivyo kwenye skrini, si ninavyotarajia iwe, na sihesabu kuwa imesomwa mpaka mwenzangu aseme ameiona. Nyumbani nilibandika ukutani picha ya vyombo vya chumba cha marubani, nikawa naweka kidole kwenye kitufe na jicho kwenye mstari, huku natamka. Mtu akikukuta unazungumza na ukuta atakuombea dua.

Makapteni wengi walifurahi. Mmoja hakufurahi: "Binti, macho ninayo, sihitaji redio humu ndani." Sikubishana naye. Tulipopangwa tena pamoja, nililileta suala hilo kabla injini hazijawashwa, tukigawana kazi: "Kapteni, nikiona modi tusiyoitarajia nitaitaja papo hapo. Naomba na wewe unisahihishe vivyo hivyo." Chini pale, ndege imetulia, ni vigumu mtu kukataa ombi kama hilo. Na akishakubali chini, hawezi kukushangaa ukisema juu.

Ilinifaa siku moja tukipanda. Ndege ilikuwa imeanza kujinyoosha kwenye mwinuko tulioruhusiwa, mara mwongozaji wa ndege aliye ardhini akatupa mwinuko wa juu zaidi. Kapteni, ambaye ndiye aliyekuwa anarusha, akazungusha kitasa cha mwinuko kisha akageukia rada ya hali ya hewa; mbele kulikuwa na mawingu ya radi. Kwenye ndege kama ile, ukibadilisha mwinuko katika sekunde zile, otopailoti huingia V/S, modi ya kasi ya kupanda au kushuka: hung'ang'ania futi kwa dakika ilizokuwa nazo wakati huo, na hewa ikizidi kuwa nyepesi huweza kula kasi ya mbele ili izipate. Sindano ya kasi ilikuwa imeanza kurudi nyuma.

"Kapteni, tuko V/S, kasi inapungua. Nadhani tunataka modi ya kupanda."

Akatazama juu, akabonyeza, akaisoma modi mpya kwa sauti. Nikajibu nimeiona. Tukarudi kwenye mawingu yetu. Mpangilio wa maneno yale nilikuwa nimeufanyia mazoezi: ninachokiona, kisha tunachokitaka. Hamna "umekosea" wala "samahani sana lakini", maana ile heshima yetu ya kuzungukazunguka hula sekunde.

Kuna nyakati ambapo hata kusoma hakutoshi, modi zinajipanga kwa namna ambayo hakuna anayeielewa. Kwanza tunashuka ngazi: mwelekeo na mwinuko tunauchagua wenyewe kwa vitasa, programu ya safari tunaiweka kando. Swali "inafanya nini hii?" likiulizwa mara ya pili bila jibu, mmoja anazima otopailoti na kurusha kwa mikono, mwingine anabaki na vipimo na redio. Kompyuta tutaipanga upya ndege ikishakaa sawa.