Mtego wa nzi haukai mlangoni

Siku wakwe walipoleta barua ya posa ya binti yangu wa mwisho, nzi waliniumbua.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, Kihonda yote, mtaa wetu hapa Morogoro, matope. Wageni 11 wamekaa chini ya mwembe, pilau imeshapakuliwa. Siku mbili kabla nilikuwa nimenunua mtego wa nzi kwenye duka moja la pembejeo mjini, shilingi 12,000 pamoja na pakiti moja ya chambo. Nikauning'iniza kwenye mwembe huohuo, hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nzi wanasumbua jikoni, basi mtego ukae jikoni.

Kufika saa saba mchana, kila mgeni anakula kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Juu ya sinia la pilau nzi wametua kama zabibu kavu. Mzee mmoja wa upande wa wakwe, aliyejitangaza mtani wetu tangu anavua viatu, akaweka tonge chini akasema, "Mwalimu, na hawa nao ni wa ukoo wenu? Maana sisi tumejipanga na mahari ya binti mmoja tu."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Binti ameolewa, yuko kwake Dodoma, lakini mpaka leo akipiga simu mkwe wangu lazima aulize, "Mama, shemeji zetu hawajambo?"

Sasa, mimi si mtu wa kuambiwa habari za nzi. Nimefundisha sayansi shule za msingi miaka 32. Hatua nne za maisha ya nzi nimezichora ubaoni mara ngapi, sijui: yai, buu, pupa, nzi kamili. Kwenye joto la kwetu, yai linaanguliwa ndani ya siku moja, na safari yote mpaka nzi mwenye mabawa inakwisha siku saba hadi kumi. Jike mmoja hutaga mayai mia na kidogo kwa mkupuo, na katika maisha yake anaweza kufikisha 500. Haya yote nayajua. Na bado niliweka mtego mlangoni.

Jumatatu akapita bwana mifugo wa kata, kijana ambaye nilimfundisha darasa la tano. Alikuja kuangalia kuku wangu, nina kuku wa mayai 240 na mbuzi wa maziwa watatu. Akauona mtego, akauzunguka, akanitazama kwa ile huruma ya mwanafunzi aliyemkuta mwalimu amekosea hesabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Mwalimu, hawa umewaalika mwenyewe."

Akaeleza. Chambo kazi yake ni kunuka. Nzi waliokuwa kwenye jalala la jirani, kwenye banda la mbuzi, kwenye maembe yaliyooza ng'ambo ya barabara, wote wanapata habari. Lakini nzi akifika haingii mtegoni moja kwa moja kama mtu aingiaye dukani. Anatua kwanza hapa na pale, ananusa, anaonja. Kama kati yake na mtego kuna sinia la pilau, ataanzia kwenye pilau. Na nzi hana meno, hula kwa kutema mate juu ya chakula kikavu kisha akafyonza. Hilo nalo nimelifundisha. Sitaki kufikiria ile pilau.

Akahesabu hatua kutoka jikoni kwenda nyuma ya kiwanja. Ishirini. Akachomeka kijiti ardhini kati ya banda la kuku na nyumba, lakini karibu zaidi na banda. "Hapa. Usawa wa kiuno, si juu mtini. Asubuhi jua liupige, chambo kipate moto kinuke. Kuku wasiufikie." Nikauhamisha jioni ileile. Kabla ya wiki kwisha jikoni kukatulia, na kule nyuma kopo likawa jeusi.

Kopo lenyewe ni la lita mbili, la plastiki inayoona, kifuniko cha njano. Pembeni mwa kifuniko kuna matundu, na chini yake faneli kama ya kumiminia mafuta ya taa. Nzi anaingia kwa tundu, anashuka na harufu kupitia faneli, anajikuta koponi. Akitaka kutoka anafuata mwanga, na mwanga uko kwenye ukuta wa kopo. Tundu la faneli alilopitia liko katikati, gizani kidogo, wala halikumbuki. Anagonga, anagonga, anachoka, anaangukia kwenye maji ya chambo. Nimewahi kukaa kwenye kigoda nikaangalia hilo kwa dakika ishirini nzima, mbuzi wananisubiri.

Ni ujanja uleule wa choo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Ndani ya choo kunakuwa na kiza, nzi waliomo shimoni wanaona mwanga juu ya bomba, wanapanda, wanakuta wavu, wanafia humo. Vyoo hivyo niliwachorea wanafunzi Kongwa, nilikofundisha miaka minne. Kongwa ndiko nilikojifunza kuwachukia nzi kwa dhati. Kule kulikuwa na vikope, ugonjwa wa macho unaomfanya mtu mzima kope zimgeukie ndani zimkwaruze jicho mpaka lizime. Watoto wangu wa darasa la kwanza walikaa na nzi kwenye kona za macho bila hata kuwafukuza, wameshazoea. Nzi yule wa machoni si huyu wa jikoni. Ni ndugu yake, anayependa kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, ndiyo maana tulihimiza vyoo na kunawa uso. Mtego wa kopo peke yake usingewafaa watoto wale.

Turudi Kihonda. Pakiti ya chambo iliisha baada ya mwezi na dukani hawakuwa na nyingine. Raha ya mtego huu ni kwamba kopo linaoshwa linatumika tena, sasa nikiwa mtumwa wa pakiti raha iko wapi? Nikaanza kupika mwenyewe.

Jaribio la kwanza, maji ya sukari na ganda la embe. Nilipata nyuki. Zaidi ya ishirini siku moja, wamelowa, wengine bado wanatapatapa. Niliumia, maana maboga yangu yanazaa kwa hisani ya nyuki hao hao. Nikamwaga.

Jaribio la pili, utumbo wa perege wa bwawa la Mindu, niliopewa bure na muuza samaki sokoni Mawenzi. Nililoweka siku tatu. Nyuki hakuna hata mmoja, ila waliojaa ni wale nzi wakubwa wa kijani wanaong'aa kama shanga, wapenda mizoga. Nzi wa kawaida, hawa wa kijivu wanaotua kwenye chai, wachache. Yaani nilikuwa nakamata nzi ambao hawakuwa tatizo langu.

Ninachotumia sasa, na kimekaa mwaka wa pili: maji ya uvuguvugu nusu kopo, molasi vijiko viwili (ile ya kuchanganyia chakula cha mifugo), hamira kijiko kimoja cha chai, gao moja la vumbi la dagaa lile linalobaki chini ya mfuko, na kijiko cha kinyesi kibichi cha kuku. Hicho cha mwisho ndicho kinacholeta ule ukali unaochoma pua, na nzi wa bandani wanaupenda. Dagaa na kinyesi wanawakimbiza nyuki. Tone la sabuni ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato, ili anayeanguka azame asielee akajinasua. Siku mbili za kwanza hakifanyi kitu. Siku ya tatu kinaamka.

Sumu siweki. Kuku wangu wakipata upenyo wanakula chochote kinachotikisika, na mayai hayo nauza. Kuna mtu alinishauri ninyunyizie dawa tu kila wiki nimalize kazi. Nikamkumbusha kwamba DDT ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, haikuchukua muda: kufikia 1946 na 1947 tayari kulikuwa na nzi Sweden na Italia ambao dawa hiyo haikuwatisha. Kizazi cha siku kumi kinajifunza haraka kuliko kizazi changu. (Mkiona mitego ya kitambaa cha buluu porini, hiyo ni ya mbung'o, mambo mengine kabisa. Wenzetu wa Nguruman kule Kenya waliitega kwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Nilijaribu mkojo wa mbuzi kwenye kopo langu. Msihangaike.)

Kumwaga ndiko kwenye kazi. Namwaga jioni giza likianza, nzi wamelala, nikiupa upepo mgongo. Shimo la kina cha magoti nyuma ya migomba, mimina, fukia. Siku moja nilimwaga nikiwa na haraka ya kuwahi kikoba, upepo ukageuka, nusu kikombe kikanirukia kwenye kanga. Niliifua mara tatu, nikaianika siku mbili, nikaivaa kwenda dukani. Mwenye duka akaanza kuinua mifuko ya mchele mmoja mmoja akitafuta panya aliyefia chini. Sikumwambia kitu. Kanga ile sasa ni ya kufunikia mbolea.

Kopo silisuuzi likatakata. Nabakiza kijiko cha ule uji wa zamani chini, kwa sababu nzi waliokufa nao ni chambo, na chambo kipya juu ya cha zamani kinaamka siku hiyohiyo.

Halafu yupo Bibi, jirani yangu wa upande wa ukuta wa nyuma. Ile sehemu ya kijiti cha bwana mifugo ilikuwa njema kwangu, ila kwa Bibi upepo wa jioni ulikuwa unapeleka kila kitu kwake. Alivumilia mwezi mzima, kisha akaja na mkongojo wake, hata kiti hakutaka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umenitundikia mzoga ukutani?"

Sikuwa na la kujitetea. Nilimpeleka akauona. Akainama, akaangalia kopo muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiyo maana kwangu wamepungua." Hapo hasira ikawa biashara. Tulihamisha mtego mpaka kona ya mtaro, ambako upepo unaenda kwenye kiwanja kisichojengwa, na nikamtengenezea wake kwa chupa ya maji ya lita tano: nilikata juu, nikapindua shingo ikawa faneli, nikaibana kwa waya. Haudumu kama wa dukani, jua linaulainisha, lakini unakamata. Mjukuu wake hunipitishia vichwa vya dagaa kila Jumapili kwenye kopo la siagi, akisema kwa sauti ya kusikika njia nzima, "Bibi anasema hivi ni vya nzi wa mwalimu."

Ila nisiwadanganye. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu, na kidonda changu kilikuwa ndani ya banda. Masika ya mwaka jana niliona kopo linajaa kwa siku tatu badala ya siku kumi. Mwanzo nilifurahi, nikamsifia hata bwana mifugo kwa simu. Yeye akauliza, "Mwalimu, maranda yako makavu?" Nikaingia bandani, nikapiga magoti. Chini ya chombo cha tatu cha maji palikuwa panavuja, maranda yamelowa eneo la ukubwa wa ungo, na nilipochokonoa kwa kijiti yakageuka yenyewe. Mabuu, yamejaa kama wali. Pembezoni pakavu, pupa za kahawia kama mbegu za mtama.

Nzi niliowakamata koponi walikuwa chenji tu. Nilizoa maranda yote yaliyolowa, nikarundika nje nikafunika kwa nailoni nyeusi nikabana kingo kwa mawe, jua la Morogoro likamaliza kazi mle ndani. Chombo cha maji nikakiinua juu ya matofali mawili na fundi akabadilisha mpira wake kwa shilingi 1,500. Wiki mbili baadaye kopo likarudi kujaa kwa siku kumi, kumi na mbili.

Tangu hapo naandika kwenye kalenda ya ukutani siku ninayomwaga. Nikiona tarehe zinakaribiana simshukuru mtego, natafuta panapovuja. Mara mbili nimekuta: mara moja bomba la bustanini, mara nyingine mbuzi alikuwa ameng'oa paa la shimo la mbolea.

Kifuniko cha njano kimeanza kupasuka kwa jua. Nimekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nione kama kitafika vuli. Juzi mwenye mgahawa wa kona naye amenisimamisha, anataka mtego, tena anataka kuutundika pale pale penye jiko la chipsi, wateja waone anajali usafi. Nimemwambia aje kwanza anywe chai kwangu, nimsimulie habari za posa.