Nukta na dagaa
Jamani darasa la tano hawa wataniua 😂 nimeandika ubaoni 0.5 na 0.25 nikauliza ipi kubwa, karibu wote wakapiga kelele 0.25 mwalimuuu, eti kisa 25 inaizidi 5. Nikaona kitabu kikae pembeni kwanza, nikawauliza mama akikutuma sokoni Kibirizi dagaa nusu kilo muuzaji akakupimia robo utakubali? Weee, wakaja juu, katuibia huyo! Haya, nusu ndo 0.5, robo ndo 0.25, sasa hiyo 0.5 iongezeeni sifuri mwishoni iwe 0.50, sehemu tano za kumi ni sawa na hamsini za mia. Kimyaa, mara kamoja ka nyuma huko, kwao wanauza mawese, kakauliza kwa hiyo nusu ya robo ni 0.125? Na sehemu za elfu sijazigusa kabisa mie, kametoa wapi haka!