Moyo Umewaka, Je, Maandiko Yamefunguliwa?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekosa usingizi kwa ajili ya jibu langu mwenyewe. Alhamisi jioni vijana wawili walibisha hodi getini, mashati meupe, tai, vibao vyeusi kifuani. Mmoja ametoka Utah, Marekani, mwingine ni Mganda. Ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni. Mke wangu akaandaa chai. Wakashukuru kwa adabu, wakaomba maji. Tangu mwaka 1833 wana agizo la Joseph Smith, nabii na mwanzilishi wao, la kuacha vinywaji vya moto, nao wanalielewa kuwa ni chai na kahawa. Nikawaza, kuinjilisha Kenya bila chai, hiyo nayo ni imani.

Kusema kweli nilifurahi kuwaona, maana nilijiona nimejiandaa. Wagalatia 1:8 niliishika kama rungu: "Lakini ijapokuwa sisi au malaika wa mbinguni atawahubiri ninyi injili yo yote isipokuwa hiyo tuliyowahubiri, na alaaniwe." Na kitabu chao kimetoka wapi? Wao wenyewe wanasimulia kwamba malaika Moroni alimtokea Joseph Smith mwaka 1823, huko New York, akamwambia habari za mabamba ya dhahabu. Kitabu cha Mormoni, wanachosema kimetafsiriwa kutoka mabamba hayo, kikachapishwa mwaka 1830. Nikawauliza habari za Mungu Baba, ambaye wanafundisha kwamba ana mwili wa nyama na mifupa. Nikawapeleka 2 Nefi 25:23, humo humo katika Kitabu cha Mormoni, panaposema tunaokolewa kwa neema baada ya kutenda yote tuwezayo. Wapendwa, ni nani kati yetu aliyewahi kulala usiku akiwa amemaliza kutenda yote awezayo? Paulo anasema ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo.

Yule Mganda hakubishana. Alifungua Moroni 10, sura ya mwisho ya kitabu hicho, akanisihi nisome, nitafakari, kisha nimwombe Mungu kwa moyo wa kweli, naye Roho Mtakatifu atanionyesha kama ni kweli. Akasema yeye aliomba hivyo, moyo wake ukawaka. Machozi yakamlengalenga.

Nikamjibu upesi, "Mwanangu, hisia si kipimo."

Mke wangu akaniangalia. Hakusema neno, ila aliyekaa kwenye ndoa miaka ishirini na miwili anaujua mtazamo ule.

Niwaambie alichokumbuka. Miaka sita iliyopita nilitoka kwenye mkesha moyo ukiwaka hivyo hivyo. Mtumishi mmoja alikuwa ameniwekea mikono, akasema anaona mlango wa biashara umefunguka. Nilisikia amani, amani tele. Mama watoto aliniomba kitu kimoja tu: tuusome mkataba wa lile duka pamoja kabla ya kutia sahihi. Nikamwambia asizimishe Roho. Akiba yote ikaenda, na mkopo wa chama tukaulipa miaka mitatu, yeye akiuza maandazi alfajiri. Hajawahi kunisimanga. Nami sikuwahi kulitubia jambo lile kwa jina lake, nilizoea kuliita "jaribu".

Sasa mnaelewa kwa nini sikulala. Yule kijana alinipa kipimo kile kile nilichokitumia mimi, nikamkemea.

Tena tusijidanganye, hili si langu peke yangu. Kanisani kwetu neno "Mungu amenionyesha" limekuwa muhuri wa kufunga mjadala. Binti anaolewa na mtu asiyemjua kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine. Mzee anauza shamba kwa sababu ya unabii. Nani anayefungua Biblia kuuliza? Wale Wayahudi wa Beroya, katika Matendo 17, walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado "wakayachunguza maandiko kila siku". Hawakuambiwa wamekosa imani. Luka anawaita waungwana! Tukiwaambia Wamormoni wamchunguze nabii wao, na tuwachunguze wa kwetu kwanza.

Nao kweli wana la kuchunguza. Mwaka 1835 Joseph Smith alipata mafunjo ya Misri, yaani karatasi za kale, akasema yana maandishi ya Ibrahimu, akatoa tafsiri yake. Vipande vyake vilipojulikana tena mwaka 1967 katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, wataalamu wa maandishi ya Misri ya kale walisoma humo maandishi ya mazishi, Ibrahimu hayumo. Kanisa lao wenyewe sasa linakubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na tafsiri ile. Lakini sikumwambia kijana hilo. Wala sikumkumbusha kwamba kabla ya Juni 1978 mwanamume mweusi kama yeye asingepewa ukuhani wao. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na mimi nilikuwa natafuta ushindi.

Usiku ule nilifungua Luka 24. Wale wanafunzi wawili waliotembea kwenda Emau na Yesu aliyefufuka, bila kumtambua, nao waliwaka: "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani, na kutufunulia maandiko?" Nimeihubiri mara nyingi, nikishangilia moto. Tazama mpangilio wake. Bwana angeweza kujidhihirisha pale pale barabarani, wakapiga kelele za shangwe. Badala yake anawazuia macho, anaanza na Musa na manabii wote, njia nzima. Moto uliwashwa na kuni hizo. Waliutambua baadaye, mezani, somo likiwa limekwisha. Mimi nilitaka moto bila zile kilomita.

Ijumaa asubuhi nilimwomba mama watoto msamaha, habari ya duka, kwa jina lake. Alinyamaza kitambo, akasema, "Haya, baba." Akaendelea kuchambua mchele.

Vijana wanarudi Alhamisi saa kumi. Nimewaomba tusome Luka 24 mstari kwa mstari, na wamekubali. Niombeeni nisibebe rungu. Mke wangu anauliza kama uji wa wimbi wanaruhusiwa.