Haki ya Mtu Gikomba

Treni ya asubuhi iling'oka Miritini, Mombasa, nami nimeibana bahasha kifuani. Shilingi 38,000. Hesabu niliipiga mwenyewe kwa usiku tatu, na pale kumbukumbu iliponigomea nilizidisha, nisije nikampunja mara ya pili.

Zamani niliuza mitumba Gikomba, soko la Nairobi, kwenye kibanda cha mama mmoja wa Majengo. Mtumba ukikatwa kamba alfajiri, mimi ndiye niliyechambua kamera, zile nguo za daraja la kwanza. Tatu au nne nilizificha chini ya meza nikaziuza kwa faida yangu. Na sala zote tano nilikuwa nikiswali! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Niliomba maghufira miaka mingi. Ila madrasa tulifundishwa masharti ya toba: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, umrudishie mwenyewe. La nne nililikwepa.

Tsavo abiria walikimbilia madirisha kutazama tembo wekundu kwa vumbi. Mimi nilikuwa napanga maneno. Voi, Mtito Andei, Emali, kisha Syokimau, na treni nyingine hadi stesheni ya mjini. Katika Msikiti wa Jamia niliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kama msafiri, nikabaki nimeketi pale. Miguu ilikataa. Nilimwomba Mungu anipe ujasiri wa kufika tu, mengine ni yake.

Gikomba nilipotea. Moto wa Juni 2018, ule uliowaua watu 15, ndio uliomaliza kibanda cha mama. Kijana mmoja alinielekeza: siku hizi anauza viazi karai nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nilimweleza yote bila kubakisha.

"Ulianza lini? Kabla baba watoto hajaugua, au baada?"

"Baada."

Akanyamaza. Naye wakati ule alikuwa akikopa pesa za dawa, nami nikijua.

Alizihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la leso. "Deni umelipa. Msamaha nipe muda, mwanangu, nimwombe Mungu anisaidie."

Nikaitikia. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, tukamenya viazi bila kusemezana mpaka ikaadhiniwa Magharibi.